Pili, paka wa kipilipili

Mara ya kwanza mama kumwona Pili ilikuwa kwenye simu ya video. Tanga ilikuwa saa moja asubuhi, Plymouth hapa Uingereza saa kumi ya usiku, nami nimerudi kutoka zamu mapema kwa sababu ya mafua. Mama alimtazama kimya. Akaisogeza simu usoni mpaka nikabaki naona pua na miwani tu.

"Mwanangu," akasema, "huyo paka ana upele?"

Nikamwambia hana.

"Basi ametoka hospitali."

Hajatoka hospitali, mama.

"Sasa hayo manyoya yake yameliwa na nini?"

Simlaumu. Pili ana masikio ya popo yaliyoshuka chini kuliko masikio ya paka mwingine yeyote, shingo ya kuku wa kienyeji, macho ya mtu aliyegutuka usingizini na mkia kama wa panya buku. Mwili wake umefunikwa na vinywele vifupi vilivyojikunja, rangi ya chai ya maziwa, na tumboni karibu hana kitu. Ukimwona kwa mbali utadhani taulo kuukuu limeanikwa kwenye kiti. Ukimgusa ndipo unapoelewa kwa nini watu wanampenda: ni kama kushika andazi lililoopolewa sasa hivi, la moto, laini, na ndiyo, lina mafuta pia. Nitafika huko.

Kiswahili kina maneno mawili makubwa ya nywele, singa na kipilipili, na tangu utotoni nilijua mimi niko upande gani. Nimechoma nywele kwa kitana cha moto, nimetiwa dawa kwa ajili ya harusi ya dada, nikaungua kichwa, nikarudi kwenye twende kilioni. Kwa hiyo siku jirani yangu mzee alipofungua kikapu na ndani mkawa na paka mwenye nywele zilizojisokota, nilicheka kwa sauti, na jina likaja lenyewe. Pili, kifupi cha kipilipili. Mzee alikuwa akimwita Toffee, na paka anaitika majina yote mawili akijua kuna chakula. Mama yeye aliamini ni Pili wa kuzaliwa wa pili, akaniuliza Mosi yuko wapi.

Mzee huyo alikuwa akikaa ghorofa ya chini, mimi juu yake. Alikuwa amefiwa na mkewe, mikono yake ikitetemeka, na mwezi wa kumi na moja mwaka 2023 bintiye akampatia nafasi katika nyumba ya wazee karibu na kwake, mbali na hapa, mahali pasiporuhusu paka. Mimi kazi yangu ni hiyo hiyo ya kulea wazee. Vyumba vile navijua, na najua mtu anavyoingia mle na sanduku moja akiwa ameacha maisha mazima nyuma. Hakuniomba kwa maneno mengi. Alisimama mlangoni na kikapu, na kikaratasi ameandika kwa herufi kubwa, mistari minne tu. JOTO. MASIKIO KILA JUMAPILI. BRASHI MARUFUKU. MWIZI.

Nilidhani huo wa nne ni mzaha.

Paka sikuwa namtaka. Kwetu paka alikuwa wa uani, mtu wa kazi, analipwa vichwa vya dagaa na hakuna anayejua analala wapi. Usiku wa kwanza nilimtandikia jikoni, nikafunga mlango. Saa nane akawa analia, si nyau ya kawaida bali kitu kama mlango usiotiwa grisi, na nilipofungua alipita katikati ya miguu yangu, akapanda kitandani, akajipenyeza chini ya blanketi, akaweka mgongo wake tumboni mwangu. Alikuwa anatetemeka. Paka wa nyumba haingwa, wahenga walisema, na nadhani walisema wakiwa wamechoka kama mimi usiku ule.

Nikaanza kuuliza paka huyu ni wa wapi hasa, na jibu likanishangaza, kwa maana ni wa hapa hapa. Aina yake inaitwa Devon Rex, na Devon ndilo jimbo ninaloishi. Ukishika barabara ya A38 kutoka Plymouth kwenda Exeter utakuta kimji kinaitwa Buckfastleigh, ukingoni mwa nyika ya Dartmoor, kilichowahi kuishi kwa viwanda vya sufu. Nilikwenda siku moja ya mapumziko. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya ubavu. Nilikunywa chai, nikaangalia treni ya moshi inayopeleka watalii Totnes, nikarudi bila kuona hata paka mmoja. Lakini nilikuwa nimetembea mahali pale, na hadithi ilinikaa vizuri zaidi.

Kuelekea mwaka 1960 kulikuwa na shume mmoja huko, karibu na mgodi wa bati uliokwisha kazi, dume mwenye nywele za kujikunja ambaye watu walikuwa wakimwona lakini hakuna aliyeweza kumkamata. Mama mmoja wa mji ule, Beryl Cox, alikuwa akimtunza paka jike wa mabaka asiye na mwenyewe. Jike akazaa bustanini kwake, na kati ya watoto mmoja akatoka na nywele zile zile za shume. Cox akamwita Kirlee. Wote wanaoitwa Devon Rex leo, popote walipo duniani, wametoka kwa Kirlee. Pili wangu naye, pamoja na maringo yake yote, ni kitukuu cha paka shume wa mgodini.

Kilichonivutia zaidi ni kilichofuata. Miaka kumi kabla yake, tarehe 21 Julai 1950, katika shamba moja huko Bodmin, jimbo jirani la Cornwall, paka aliyeitwa Serena alikuwa ameshazaa mtoto wa kipilipili, Kallibunker, na bibi mwenye shamba, Nina Ennismore, akaanzisha naye aina inayoitwa Cornish Rex. Neno Rex lenyewe ni la kuazima, limetoka kwa sungura wenye manyoya ya namna hiyo. Cox alikuwa ameona picha ya paka wa Cornwall gazetini, akaandika kusema kwamba naye anaye. Kila mtu alidhani ni ukoo mmoja. Kutoka Bodmin hadi Buckfastleigh hakufiki hata kilomita mia moja; nani angedhani vinginevyo? Wakampandisha Kirlee kwa majike wa Cornwall wakisubiri watoto wa kujikunja.

Wakatoka wote singa. Kila mmoja.

Fikiria umeoza watoto wa nyumba mbili za kipilipili ukapata wajukuu wa singa watupu. Mtaa mzima ungeitisha kikao. Kwa paka jibu lilikuwa rahisi kidogo: ni kasoro mbili tofauti katika jeni mbili tofauti, na kila moja hujificha mpaka mtoto aipokee kwa baba na kwa mama. Watoto wale walipokea nusu ya hii na nusu ya ile, na nusu haikunji unywele. Hiyo ina maana pia kwamba yule jike wa bustanini alikuwa ameibeba kasoro ile ile ya shume, pengine kwa sababu walikuwa damu moja. Kwa mashume hilo si jambo la kushangaza.

Mwaka 2010 watafiti waliitaja jeni ya paka wa Devon kwa jina, KRT71. Ni moja ya jeni zinazotoa maelekezo ya kutengeneza keratini, kitu kinachoupa unywele uti wake. Kwa Pili maelekezo hayo yana kosa, kwa hiyo unywele unatoka umepinda, mwembamba hapa, mnene pale, na unakatika upesi. Jeni hiyo hiyo ikikosewa kwa namna nyingine ndiyo inayomtoa yule paka asiye na nywele kabisa, Sphynx, ambaye mama siku moja nitamwonyesha nikiwa nimejiandaa. Cornish Rex kasoro yake iko kwenye jeni nyingine, LPAR6. Yeye amebaki na nywele za malaika peke yake, zile laini za chini, zimelala mawimbi mawimbi kama zimepigwa pasi.

Hapo ndipo nilipoacha kulinganisha nywele zangu na za Pili. Zangu ni nzima. Zimejikunja kwa sababu ndivyo zilivyo. Zake ni kosa la ufundi. Unywele wa paka una kazi nyingi ambazo huwa hatuzioni: unashika joto, unanyonya mafuta ya ngozi, unakinga jua, na ukiwa sharubu unapapasa njia gizani. Wa kwake hauwezi hata moja kwa ukamilifu. Watu wananiambia, una bahati, paka mwenye nywele kidogo hana kazi. Jamani. Kazi zote zile zipo pale pale. Zimehamia kwangu.

Tuanze na joto, maana ndilo linalonilia fedha. Mwili wa paka una nyuzi 38 hadi 39. Paka wa kawaida anastarehe, bila kuchoma nguvu ya ziada kujipasha, panapokuwa na nyuzi 30 hadi 38, yaani Tanga mwezi wa tatu. Chumba changu nikikitia nyuzi 19 najiona nimefanya anasa. Umeme wangu ni wa kulipa kwanza, kama LUKU, na mita iko ukutani karibu na mlango, inashuka huku unaiona. Majira ya baridi ya kwanza niliwasha hita mchana kutwa kwa ajili yake nikiwa kazini, na mwisho wa mwezi nikakaa chini na kikokotoo nikasema hapana. Siku hizi napasha paka, si nyumba. Ana boksi la katoni lenye tundu upande, ndani nimetandika blanketi la sufu na pedi ndogo ya umeme ya wanyama iliyofunikwa, na boksi liko juu ya kabati kwa kuwa joto hupanda. Nikienda zamu ya usiku namwekea na mpira wa maji ya moto niliouviringishia khanga mara mbili. Mara mbili, nasisitiza, kwa sababu paka wa namna hii akipata kitu cha moto atakikumbatia mpaka ngozi iungue, hana manyoya ya kumwambia basi. Mwanzoni alikuwa akilala ameegemea hita yenyewe, nikamkuta na alama nyekundu ubavuni.

Joto linalompotea analirudisha kwa kula. Hapo ndipo nilipouelewa ule mstari wa nne.

Nimefuga paka waliokuwa wakidokoa. Pili hadokoi, anavamia. Anafungua kabati kwa mkono. Anajua sauti ya jokofu akiwa ndani ya boksi lake chini ya blanketi. Ameniibia chapati ikiwa juu ya moto, akaiburuta kama mtu aburutaye mkeka. Amekula mkate wa kumimina, ndizi mbivu, na robo ya karatasi iliyokuwa imefungia samaki. Anakaa begani kwangu nikipika, hicho ndicho kiti chake, na ukipeleka kijiko mdomoni mkono wake unafika kabla yako. Wenye paka wa aina hii wanacheka wakisimuliana mambo hayo, nami hucheka, lakini kuna jambo moja lisilochekesha. Kitunguu ni sumu kwa paka, na kitunguu saumu vilevile. Huharibu chembe nyekundu za damu, hata kikiwa kimepikwa. Fikiria sasa jiko la Mswahili. Taja mchuzi mmoja usioanza na kitunguu. Kwa hiyo sufuria zangu zina mifuniko mizito, masalio hayalali mezani, na wageni wakija kula pilau namfungia Pili chumbani, anapiga kelele kama anayedai urithi.

Chakula chake mwenyewe ni cha nyama, kwa vipimo, mara nne kwa siku. Akila ovyo anaendesha, na tumbo lake halina manyoya ya kuficha lolote.

Mafuta nayo. Ngozi ya kila paka hutoa mafuta, na kwa kawaida yale manyoya huyavuta kama utambi unavyovuta mafuta ya taa, yakatawanyika, yakapukutika. Utambi wa Pili ni mfupi, umekatika katika. Mafuta yanabaki pale yalipotoka. Baada ya wiki tatu bila kuoga shingo yake inanata, mto wangu wa kulalia una kivuli cha rangi ya chai, na chini ya kucha zake kuna uchafu wa kahawia kama ugoro. Masikioni ndiyo usiseme, nta nyeusi nyeusi, ndiyo maana mzee aliandika kila Jumapili. Mafuta hayo yakiachwa fangasi wa ngozi wanashangilia. Paka hawa wanajulikana kwa hilo, wanaanza kunuka, kuwasha na kuwa wekundu makwapani.

Mama alipoona magamba kidogo mgongoni kwake, majira yale ya kwanza ya baridi hita ilipokausha hewa, aliniagiza, "Mpake mafuta ya nazi, mwanangu, nyie mlipakwa." Nikampaka. Ninao mkebe kutoka nyumbani, yale ya kukamua kwa mkono, yananukia. Nilimpaka jioni, kwa mapenzi, mgongo mzima. Usiku alijilamba yote, kwa sababu paka hukirudisha tumboni kila unachokiweka juu yake, na asubuhi nikamkuta ameendesha kwenye zulia, kwenye kochi na, sijui kwa njia gani, kwenye kiatu kimoja cha kazi. Ngozi nayo ikawa mbaya zaidi. Nilikuwa nimemwongezea mafuta mtu ambaye shida yake ni mafuta. Tangu hapo kila chupa naisoma kwanza kwa swali moja: akilamba itakuwaje? Mafuta ya mti mmoja wa Australia, yale yanayouzwa kama dawa ya ngozi kwa jina la tea tree, yanaweza kumuua paka. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini nayo humuua. Hizo mbili hazikanyagi mlango wangu.

Kumwogesha kwenyewe kumekuwa jambo la kupendeza, siwezi kukataa. Sinki la jikoni, maji ya vuguvugu, shampuu ya paka na si ya binadamu, kidogo tu. Mwanzo alinikwaruza. Siku hizi anasimama amenishika mkono kwa mikono yake miwili kama bibi anayevushwa barabara. Akilowa unaona mwili wake ulivyo mdogo, ukubwa wote ule ulikuwa masikio. Ninamkausha kwa taulo kwa kubonyeza, bila kusugua, maana kusugua kunakata nywele, kisha ananiingia ndani ya sweta tukae hivyo nusu saa. Brashi sina. Mzee alikuwa sahihi: mkono mtupu unatosha. Hata ukosi umeshampa kipara shingoni, nikautoa. Anayo chipu chini ya ngozi badala yake, kwa kuwa tangu Juni 2024 sheria ya England inataka kila paka wa nyumbani aliyepita wiki 20 awe nayo, na ilibidi niandike kubadilisha jina la mwenyewe kutoka la mzee kuwa langu. Kazi ya dakika tano kwenye simu. Nilikaa nayo siku mbili kabla ya kubonyeza.

Masharubu yake hayafiki popote. Yamejikunja, yanakatika yakiwa na urefu wa punje mbili za mchele. Paka mwingine huyatumia kupima pengo kabla ya kuingiza kichwa. Huyu huingiza kwanza. Nimemchomoa ndani ya jagi.

Nina rafiki kutoka Mombasa anayepiga chafya akiona paka kwenye kalenda. Alikuwa amesoma tangazo la muuzaji mmoja kwamba Devon Rex hawaleti mzio, akaja na biskuti, akamkalisha Pili mapajani. Dakika ishirini. Macho yakavimba, akaondoka akipumua kwa mdomo. Kinachowasha watu kwa paka si unywele. Ni protini iliyomo kwenye mate na kwenye mafuta ya ngozi, na mafuta ya ngozi, kama nilivyosema, Pili anayo ya kugawa. Kweli hapukutishi manyoya mengi kwenye kochi, na wapo wanaopata nafuu kwa hilo. Lakini kumwuzia mtu mwenye pumu mtoto wa paka kwa bei kubwa huku ukimwahidi hatapiga chafya ni udanganyifu, na wanaolipia mwishoni ni paka wenyewe, wanaorudishwa wakiwa na miezi minane.

Ukoo wa babu mmoja una gharama zake. Mwaka 2015 iligundulika jeni, COLQ, inayowapa baadhi yao ugonjwa wa misuli ambao huonekana tangu utotoni: shingo haibebi kichwa, mtoto wa paka anainama inama akila, anachoka, anaegemeza mikono juu ya kitu kama mbwa anayeomba, na wengi hufa kwa kupaliwa na chakula. Kipimo chake kipo, kwa hiyo mfugaji anayezalisha leo bila kupima hana udhuru. Magoti yao pia huteguka, na moyo unaweza kunenepa misuli. Sikuyajua haya nilipopokea kikapu. Niliyajua siku Pili alipohitaji kung'olewa meno mawili na daktari wa wanyama akasema, kwa kuwa ni Devon, tupime kwanza kundi la damu. Paka wengi wana kundi A. Kwa Devon Rex kundi B ni la kawaida sana, na paka wa B akiongezewa damu ya A anaweza kufa kwa mara ya kwanza tu, hapo hapo mezani. Pili ni B. Kitoto cha A kikizaliwa na mama wa B hakitakiwi kunyonya siku ya kwanza, maana maziwa yale ya mwanzo yanabeba kinga itakayopasua damu yake. Nililipa, nikabaki na kikadi kidogo chenye herufi moja, kiko kwenye pochi pamoja na kadi yangu ya kazi. La kwangu mimi kundi la damu silijui mpaka leo.

Kwetu pwani, upande wa Kenya, nako kulitokea jambo kama la Buckfastleigh. Mwaka 1978 mama mmoja wa Watamu, Jeni Slater, alikuta watoto wa paka wa mwituni shambani kwake, wana madoa kama gome la mti, na leo wanasajiliwa ulimwenguni kwa jina la msitu wetu, Sokoke. Wagiriama walikuwa wakiwajua siku zote kwa jina lao, kadzonzo. Huwa nawaza ni mashume wangapi wa ajabu wamepita nyuma ya jiko la mama pale Ngamiani, wakarushiwa kandambili, wakaenda na jeni zao.

Mama, kwa habari yake, amebadilika. Hakuamua; ilimjia kwa njia ya uzi. Yeye ni mfumaji, kochi zake zina vitambaa mpaka miguuni, na niliposema Pili anasikia baridi alinyamaza vilevile kama siku ile ya upele, kisha akaomba vipimo. Shingo, kifua, urefu wa mgongo. Akaniuliza mkia utapita wapi. Wiki sita baadaye dada mmoja anayekuja kusoma alinikabidhi kifurushi, ndani mna fulana ya uzi mwekundu na mweupe, ya mikono minne, ina vifungo vitatu tumboni.

Ni nzuri kweli kweli. Na haifai. Nguo inasugua, na kwa Pili kinachosuguliwa kinakatika. Wenye paka hawa wanaowavalisha sweta muda mrefu utawaona mabegani ni vipara. Nililijua hilo kabla sijafungua kifurushi.

Nikamvalisha hata hivyo, dakika tatu. Alisimama katikati ya chumba miguu imetanuka, hakuthubutu kupiga hatua, masikio yametoka pande mbili kama mpini. Nikampiga picha nne. Nikafungua vifungo, nikamtoa taratibu, na ndani ya fulana kulikuwa na vinywele kumi na viwili vilivyonasa kwenye uzi, najua kwa sababu nilivitoa kimoja kimoja kwa kibano cha nyusi. Picha nikatuma. Fulana nikaitandika ndani ya boksi, juu ya pedi, na ndipo anapolala sasa hivi ninapoandika.

Mama alipiga kabla hata sijaweka simu chini. Ameipenda. Anasema mikono ya mbele amekosea, ni mifupi, na nimpime tena vizuri, kwa sababu fulana ya pili ataifuma na kofia.